Waliomo Pichani

Mjomba aliishusha picha ukutani kwa mikono yake, akaiegemeza mezani ili tuione wote. Wote maana yake mimi na mama mkubwa, dada yake wa kwanza. Kikao cha kugawa nyumba ya babu kilikuwa cha watu watatu, lakini mjomba alisimama na kukohoa kama anahutubia uwanja.

"Sina maneno mengi. Waliomo pichani ndio wenye nyumba. Asiyemo, na mtoto wake, atusamehe."

Nilijua nasemwa mimi. Pichani yumo babu kitini, bibi na mtoto mchanga mapajani, mama mkubwa akiwa na miaka kumi, na jogoo anayekimbia. Nyuma yao shuka jeupe la kuficha ukuta wa udongo. Marehemu mama yangu hayumo. Chumba cha uani alichoniachia, mjomba ameshakitafutia mpangaji.

Miaka saba nimekifuta kioo cha picha ile. Wengine huitazama wakipita; anayefuta anafika mpaka pembeni.

"Samahani mjomba, shuka limeshikwa na nini?"

"Msumari."

"Msumari huu una kucha."

Akainama. Vidole vinne vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa shuka.

"Ni mama yako," mama mkubwa alisema. "Alilifua alfajiri, kisha akaambiwa apande juu ya ndoo alishike."

"Vidole havina sura!" mjomba akaja juu. "Sura ninayo mimi. Mtoto huyo, oneni alivyotulia. Uongozi ulianza mapajani!"

Picha hiyo aliichapisha mpaka kwenye kadi za harusi yake.

Mama mkubwa alicheka hadi kilemba kikamvuka. "Wewe, mdogo wangu? Ulipiga kelele hata jogoo akatimua mbio. Mpiga picha akasema filamu yake haipotei kwa mtoto kama king'ora. Mama akaazima wa jirani. Huyo unayemsifu ni yule muuza nyama wa barabarani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni. Tulikufungia."

Mjomba akakaa. Aliitazama picha kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

"Huyo muuza nyama anajua?"

"Anajua sana. Kila nikienda dukani kwake ananiuliza, picha yangu mmeitunza?"

"Picha ni karatasi tu," mjomba alisema, sasa kwa sauti ya chini, ya busara. "Tuliozaliwa humu ni watatu, mafungu ni matatu. La mama yako ni lako. Chukua kalamu, mwanangu, andika. Chumba cha uani, na ile sehemu ya mboga. Tuweke sahihi leo leo."

Niliandika polepole, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa shule ya msingi.

"Fanya haraka basi," mjomba alisema, macho yakiwa mlangoni, upande wa duka la nyama.