Nani Atampa Mwanangu Ijumaa?

"Nirudishie nywele zangu, Malka! Nirudishie sasa hivi, hata kama zinachuruzika maji!"

"Ziko kwenye kichwa cha mbao, zinakauka. Ukizitaka mbichi zivae mbichi, upite nazo mtaani kama paka aliyetumbukia kisimani."

"Heri niwe paka kuliko kuacha kichwa changu mikononi mwa mwanamke asiyesikia la mtu!"

Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa ua, Bluma Adelson na kitambaa kichwani, Malka Perlstein na kitana mkononi, na mapazia ya nyumba ya pili tayari yameanza kucheza. Ilikuwa Alhamisi, siku ya shughuli. Wanawake wa Kiyahudi wa Passaic walioolewa, ambao nywele zao halisi ni za waume zao tu kuziona, humletea Malka mawigi yao ayaoshe na kuyapanga kabla ya Sabato. Chumba chake cha chini hakikosi watu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri za vichwa vya mtaa ule alizijua Malka, kwa sababu mwanamke akishavua wigi hana tena la kuficha.

"Nimekwambia neno moja tu," alisema Bluma, na sauti yake ikashuka ghafla. "Usimpeleke mtoto wako chuo cha Tarrow."

"Kwa nini nisimpeleke?"

"Kule ni porini. Ng'ombe na mvua. Hakuna mtu wetu hata mmoja kule."

"Umejuaje? Ulishafika?"

Bluma akafumba mdomo.

"Ehe! Watu wa Boston watajuaje mambo ya ng'ombe? Mwanao Shaya yuko chuo cha wenye akili huko Boston, hata Pasaka harudi kwa kusoma. Basi sisi tuachie ng'ombe wetu. Jumamosi ulisimama penye meza ya samaki wa chumvi, sinagogi zima linakusikia, ukasema mwanangu hana pa kwenda. Leo amepata pa kwenda, unasema asiende!"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, tena huku unatafuna!"

Bluma aligeuka akaenda zake, na wigi akaliacha. Malka alibaki ameshika kitana. Maneno ya jirani yalikuwa yamemchoma kwa sababu ndiyo yale yale aliyokuwa akijiambia mwenyewe.

Nahum, mwanawe wa mwisho, hakuwa mjinga. Hakuwa bingwa pia. Alama zake zilikuwa za katikati tangu darasa la kwanza, hazipandi, hazishuki, kama mtu aliyekaa kwenye ngazi akisubiri wenzake wapite. Na katika mtaa ule hapakuwa na katikati: mtoto ama anakwenda kuwa daktari, ama wazazi wake wanapewa pole. Majira yale ya kuchipua, akina mama walikaa chini ya mashine zake za kukaushia wakitaja vyuo kama watu wanaotaja vito. Wa fulani kaitwa kule, wa fulani kaitwa kuwili na hajui achague kipi, masikini. Malka alichana mawigi yao huku akitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kila chuo walichoomba kilimkataa Nahum, kwa maneno ya upole. Kilichobaki ni Tarrow, chuo kidogo katika vilima vya Pennsylvania, ambacho Nahum alikiomba mwenyewe bila kumwambia mtu. Jumatatu ndiyo ilikuwa mwisho wa kuwajibu.

Kijana mwenyewe alikuwa ameanza kutoweka. Baada ya sala ya Jumamosi, watu wakikusanyika kunywa na kutafuna, yeye alijifungia msalani mpaka watu waishe ukumbini, asije akakutana na lile swali: "Haya Nahum, mwakani wapi?" Babake, Gershon, fundi wa miwani na mtu wa maneno machache, ndiye aliyemgundua. Alimkuta amekaa juu ya kifuniko cha choo, na kipande cha keki ndani ya leso. Usiku ule Gershon hakula.

Malka alikuwa amejaribu kuwapigia simu Tarrow. Aliuliza jambo moja tu: "Ijumaa jioni kwenu kuna nini?" Binti wa ofisini akajibu kwa furaha, "Mama, Ijumaa hapa ni sherehe, muziki mpaka asubuhi!" Malka alikata simu akakaa chini.

Kwani nyumba yake yeye, Ijumaa jioni Sabato ikiingia, ilikuwa kitu kingine. Wajane, wanafunzi, mabinamu wa watu, mtu aliyekutana na Gershon dukani mchana wa siku ile ile. Viti havikutosha na hakuna aliyeondoka. Nahum alikulia chini ya meza ile. Na sasa nani atampa Ijumaa, huko kwenye ng'ombe na mvua?

Walitoka alfajiri ya Ijumaa kwenda kukitazama chuo, watatu, kwenye gari la Gershon ambalo lilikuwa likikohoa tangu Pasaka. Supu Malka aliiacha juu ya sahani ya umeme ya kutunzia moto, mikate ya kusuka chini ya kitambaa, na wageni walikuwa wameshaalikwa kama kawaida. Watarudi kabla jua halijazama, alisema. Aliingiwa na wazo la kwenda kwa Bluma kuchukua ufunguo wa akiba, aliomwachia miaka mingi, ampe mtu mwingine. Kiburi kikamkataza hata kugonga mlango ule.

Chuoni walitembezwa na kijana mchangamfu anayetembea kinyumenyume huku anaongea. Maktaba hii hapa, bwawa hili hapa. Malka alimfuata kama anayefuata jeneza.

"Mwanangu," alimkatiza, "watu wetu mko wangapi hapa?"

"Wa kwenu wapi, mama?"

"Wayahudi, baba. Wayahudi."

Kijana akafikiri, akagonga mti kwa kisogo. "Kuna mmoja nilisoma naye kemia," alisema akijipapasa. "Yule anayepikapika. Lakini sina hakika kama ni Myahudi au ni mtu wa Ugiriki."

Gershon alicheka peke yake. Nahum hakucheka, alikuwa amebaki nyuma, kwenye nyumba ya vioo wanamooteshea miche, anamwuliza mzee mmoja maswali. Malka alimwona kupitia kioo, mikono yake inakwenda huku na huku. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mwanawe anazungumza kwa mikono. Badala ya kufurahi aliingiwa na huzuni, maana alikuwa amekwisha kuamua kukataa.

Alimwambia garini, wakishuka kilima.

"Utakaa nyumbani mwaka mmoja. Tutaomba upya."

"Nikae nyumbani nifanye nini, Mama? Nioshe mawigi?"

"Mawigi ndiyo yaliyokulisha!"

"Mama, mimi ni wa katikati." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoumiza. "Mwakani nitakuwa wa katikati vilevile, ila nitakuwa wa katikati aliyefichwa chini ya nyumba. Hapa wamenitaka. Ni hapa tu waliponitaka."

"Na Ijumaa? Nani atakupa Ijumaa hapa? Utakula na nani? Na ukuta?"

"Nitakula na ukuta. Ukuta hauniulizi mwakani wapi."

Gershon alifungua mdomo kusema neno, lakini gari likamtangulia. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likasimama kando ya barabara ya kuingilia mjini kama punda aliyekata shauri. Fundi aliyekuja aliangalia ndani, akafunga boneti taratibu. Kifaa kitapatikana Jumatatu. Hoteli pekee ya mjini imejaa watu wa harusi. Teksi ya kuwafikisha nyumbani New Jersey, hata ingepatikana, jua lisingeingoja, na Sabato ikishaingia wao hawapandi gari.

Malka alitazama vilima. Jua lilikuwa limekwisha kukalia miti. Maji yalimfika shingoni, akaona giza mchana kweupe. Tangu aolewe hakuwahi hata Ijumaa moja kukosa meza. Yeye ndiye mlango wa watu, na leo hakuwa na mlango wa kubisha. Hakuwa na mishumaa. Hakuwa na mkate. Kwenye kiti cha nyuma mwanawe alikuwa amefungua kipakiti cha njugu, anazigawa mafungu matatu juu ya goti. Basi itakuwa hivi, aliwaza Malka. Kila wiki, hivi, na mimi sipo hata wa kugawiwa.

Na wageni! Watakuwa njiani, na nyumba imefungwa.

Palikuwa na mtu mmoja tu duniani mwenye ufunguo. Malka alishika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Bluma."

Upande wa pili vyombo viligongana.

"Bluma, ni mimi. Gari limekufa. Sabato itatukuta barabarani. Wageni wanakuja na mlango..."

"Ufunguo ninao," Bluma alisema. "Nitawafungulia. Chakula kipo?"

"Kipo juu ya sahani ya umeme. Mikate iko chini ya kitambaa. Yule mjane asipewe samaki, anamdhuru."

"Namjua yule mjane kabla yako. Mko wapi?"

"Tarrow."

Malka alisikia maji ya bomba yakimiminika huko Passaic, kisha yakafungwa.

"Mtalala wapi?"

"Ndani ya gari."

"Na mtoto?"

"Si nimekwambia, Bluma, ndani ya gari!" Hapo akalia kilio alichokuwa akikimeza tangu majibu ya kwanza yalipofika. Alilia simu ikiwa sikioni, mbele ya mumewe na mwanawe, akimlilia mwanamke aliyemtukana jana.

Bluma alimwacha alie. Kisha akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayeinua mzigo kuutua.

"Sikiliza, na usiniulize kitu. Mtaa wa Chestnut, nyumba ya kijani, baraza lake limepinda. Nendeni kwa miguu mpige hodi."

"Ni nyumba ya nani?"

"Nimesema usiniulize! Na utakachokiona, Malka, umekiona wewe. Nakuomba. Kisifike kule chini kwenye mawigi."

Simu ikakatwa.

Walitembea haraka, Gershon mbele na koti begani, Nahum akimshika mama mkono kwenye mteremko kama yeye ndiye mzazi. Nyumba waliiona mbali. Baraza lilikuwa limepinda kweli, na viatu vya vijana vimetapakaa ngazini. Gershon akabisha hodi. Ndani mtu alisema "Nakuja, nakuja, supu inafurika!" na Malka aliitambua sauti kabla mlango haujafunguka.

Alikuwa Shaya Adelson, mwana wa Bluma, wa Boston. Amefunga aproni, unga umempanda mpaka kwenye nyusi, mwiko mkononi. Walitazamana. Nyuma yake ilionekana meza iliyoungwa kwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku, na vijana kumi hivi wakigombania viti visivyofanana.

"Mama Nahum," alisema Shaya. "Mama kanipigia sasa hivi." Alishusha mwiko. "Boston walinitoa mwaka jana. Nilianguka masomo yote. Hapa ndipo waliponipokea. Mama anajua. Huko Passaic nyinyi ndio wa pili kujua."

Sasa Malka aliona yote kwa pamoja: mtoto asiyerudi Pasaka, kelele za uani, mdomo uliofumbwa alipouliza "Ulishafika?" Mwanamke yule alikuwa akilinda mlango huu, na leo ameufungua kwa mkono wake, kwa ajili ya nani? Habari tamu kuliko zote za mwaka ilikuwa imemjaa Malka mdomoni, yenye Boston ndani yake, na hakuwa na haja ya kuongeza hata chumvi. Alifungua mdomo.

"Umekonda, Shaya," alisema.

Kijana akacheka, macho yamelowa. Kisha akamtazama Nahum. "Vipi bwana? Mwakani uko nasi?"

Ni lile swali, lakini safari hii Nahum hakutafuta pa kujificha. Alimtazama mama yake, akangoja. Malka aliangalia ule mlango uliogeuzwa meza, akaangalia kiti kimoja kilichokuwa wazi pembeni, mguu wake umefungwa kwa kamba.

"Kile kiti kitamwangusha," alisema. "Kabla hajaja mwakani, mmtafutie kingine."

Gershon alifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. Nahum aliachia mkono wa mama, akaanza kuvua viatu, akavipanga ngazini pamoja na vya wenzake.

"Jua bado halijazama," alisema Shaya akisogea kando ya mlango. "Mama kasema lazima huna mishumaa. Miwili tumekuwekea dirishani, hatujaiwasha, ni yako kuikaribisha Sabato. Tena amesema nikwambie, wigi lake umpangie lilalie kushoto. Haya, jamani, supu inapoa. Ingieni mle."