Mahindi ya Shimo la Mboji

Loisi aliinua turubai la shimo la tatu la mboji, akachungulia ndani. Pale alipomwaga mahindi juzi, katikati ya maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha, palikuwa na kishimo kilichochimbwa kwa vidole. Mahindi hayakuwepo. Madebe mawili mazima! Zilikuwa zimebaki punje chache zilizokwama kwenye majani, kila moja ina ukungu wa kijani kwenye kiini.

Alikuwa na miezi minne tu tangu mtaa wao wa Miyuji umpe kazi ya kusimamia sheria ndogo za taka. Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kila kaya itenge taka zinazooza, izitie kwenye ndoo ya kijani, zije kituoni ziwe mboji. Atakayezichanganya na plastiki au kuzipeleka dampo, faini. Loisi, msichana ambaye chuoni alikuwa akiomba kuwasilisha kazi zake kwa maandishi ili asisimame mbele ya wenzake, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akirudia sentensi moja: "Chochote kinachooza, ndoo ya kijani."

Kwa hiyo juzi Mzee Uwesu, muuza nafaka kutoka Kondoa, alipomletea mahindi yaliyonyeshewa ghalani, hakusita.

"Haya yana sumukuvu, sumu ya ukungu, binti yangu," mzee alimwambia. "Hata kuku nisingempa. Sheria yenu inasemaje?"

"Yanaoza, Mzee. Tutayazika kwenye mboji."

Akayamwaga, akayafunika kwa majani kidogo, akaenda zake. Hakuyachanganya na samadi. Hakuyamwagia majivu ili mtu asiyatamani. Na yeye ni Mgogo, mjukuu wa bibi aliyekuwa akiokota punje moja moja kwenye vumbi baada ya kupepeta, akisema nafaka iliyotupwa hulia usiku kucha. Ni nani katika nchi hii ya mvua za kubahatisha angeona mahindi shimoni akayaacha?

"Batuli," aliita. "Nani amefunua shimo la tatu?"

Batuli, mchambuaji mwenzake, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitenganisha mifuko na maganda. Alicheka. "Mwalimu wa taka, umeanza kuhesabu na uchafu sasa? Bibi Edina alikuja jana alfajiri. Binti yake kajifungua, hujasikia? Kayaosha mahindi bombani, kayaanika, kayatwanga. Mzazi lazima apate uji. Mimi nimemsifu. Kuna watu wana macho."

Loisi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Njiani alikumbuka mwaka ule, akiwa bado sekondari, watu wa vijiji vya jirani walipovimba matumbo na macho yao kuwa ya manjano, na wote walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao. Kuosha hakuondoi sumu ile. Kuanika hakuiondoi. Hata ukichemsha uji kutwa nzima, sumu inabaki humo humo. Na Anjelina, binti wa Bibi Edina, alikuwa ananyonyesha.

Alipofika kwa Bibi Edina alikuta viatu vingi mlangoni. Wakwe wamekuja! Ndani, juu ya mkeka, walikaa wanawake watatu waliovaa vizuri, na aliyekuwa katikati alikuwa Mama Nathanaeli, mama mkwe wa Anjelina, aliyekuja kutoka Buigiri kumwona mjukuu. Anjelina alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Bibi Edina alikuwa akichota uji kutoka kwenye sufuria, uso umemng'aa kwa fahari ya mtu aliyepata cha kuwapa wageni.

"Shikamooni," Loisi alisema, sauti ikatoka nusu.

"Marahaba. Karibu, mjukuu wangu, umekuja saa nzuri!" Bibi Edina akamtia bakuli mkononi kabla hajakaa. "Kunywa. Usiwe na haya hapa, ni kwenu."

Bakuli lilikuwa la moto. Loisi alilitazama. Uji ulikuwa mweupe, una sukari, unanukia vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Huyu ndiye yule wa ndoo za kijani?" Mama Nathanaeli aliuliza. "Nilidhani ni mtu mzima. Kumbe kitoto! Mbona hunywi? Au uji wa Miyuji una kanuni zake?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akapeleka bakuli mdomoni.

Loisi angesemaje? Bibi huyu ameokota chakula chenu jalalani? Mbele ya wakwe? Kesho ingefika Buigiri, na Anjelina angeitwa mtoto wa waokota taka hadi azeeke. Akamtazama Bibi Edina. Bibi alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ameliona vumbi la kituoni kwenye miguu ya Loisi, na macho yake yalikuwa yakimwomba jambo moja tu.

"Msinywe!"

Hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele. Bakuli lake lilikuwa chini, uji unatambaa kwenye mkeka kuelekea kwenye kitenge cha Mama Nathanaeli.

"Wewe! Una wazimu?"

"Mahindi yana sumu, Mama. Sumukuvu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ni mimi niliyemletea Bibi. Nilikosea gunia. Yeye hajui lolote. Ni kosa langu."

Mama Nathanaeli akasimama, kidole usoni pa Loisi.

"Unampelekea mzazi mahindi usiyoyajua? Mtoto wa siku sita! Akifa mkwe wangu, utatuambia ulikosea gunia?"

Loisi alimgeukia Anjelina. "Umekunywa mara ngapi?"

Anjelina alimkumbatia mtoto kwa nguvu. "Jana jioni. Na leo asubuhi, mabakuli mawili." Kisha, kwa sauti ndogo, "Tumbo linauma tangu alfajiri. Nilidhani ni la uzazi."

Walikwenda zahanati kwa bajaji mbili. Muuguzi, mwanamke mpole asiye na haraka, alivuta kope za Anjelina chini, akabonyeza tumbo lake upande wa kulia, akamtazama mtoto macho na ulimi. Loisi alisimama ukutani akiuchunguza uso wa muuguzi, akitafuta alama ya hofu.

"Macho bado meupe," muuguzi alisema. "Lakini hilo halinitoshi. Gari la wagonjwa linakuja, anakwenda hospitali kupimwa damu, na mtoto pia. Wengi hawaonyeshi kitu siku za kwanza." Akachukua kalamu. "Sasa mniambie ukweli. Mahindi yalikuwa kiasi gani, na nani mwingine anayo?"

"Mimi ndiye niliyeyaleta," Loisi alisema. "Yote yako kwa Bibi."

"Una hakika? Hakuna mwingine?"

Loisi alifungua mdomo kusema ndiyo, akagundua hajui. Uongo wake haukuwa na jibu la swali lile. Akageuka kumtazama Bibi.

Bibi Edina alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga imefunika nusu ya uso.

"Mtoto huyu anasema uongo," alisema taratibu. "Hakuniletea kitu. Niliyaokota kwenye shimo la taka kwa mikono yangu hii. Debe moja likabaki kwangu. La pili nilimpelekea Mzee Matonya, kule ng'ambo ya reli. Anaishi peke yake. Nilimwambia ni zawadi ya mjukuu."

Hakumtazama Mama Nathanaeli.

"Ana simu?" muuguzi aliuliza.

"Hana."

Loisi alikuwa tayari mlangoni. Alisikia kitu nyuma yake. Ni Mama Nathanaeli, akijifunga kitenge chake kilicholowa uji.

"Edina, wewe nenda na binti yako kwenye gari," alisema kwa ukali, kisha sauti ikamvunjika. "Hata mama yangu angeyaokota." Akamshika Loisi mkono. "Unaijua njia? Basi kimbia. Usiningoje."

Loisi alikimbia. Ng'ambo ya reli, juu ya paa la nyumba ndogo iliyosimama peke yake, aliona moshi wa jikoni ukipanda. Akaanza kupiga kelele akiwa bado mbali, jina la mzee yule, kwa sauti ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo.