Mkwe Nyuma ya Tanga

Mama mkwe wangu, Nanyama, alitoka Mbale kuja Jinja kunichukulia mke wangu. Hakuniambia mimi, maana kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wala hawasemezani ana kwa ana. Aliuambia ukuta wa jirani yetu Kulusumu, akijua vizuri kwamba nimesimama upande wa pili.

"Wewe ukuta," alisema, kwa Kiswahili alichokiokota kwa wafanyabiashara wa Kenya sokoni Mbale, "huyo mtu anasema vita vimekwisha. Sasa risasi nilizosikia jana, nani atazipelekea habari?"

Ilikuwa mwaka 1980, na risasi kweli zilikuwa hazijapata habari. Lakini mimi siwezi kushindwa na ukuta. Nilijibu kwa sauti kubwa kwamba Jinja imepona, na kwamba Jumapili watu wanatembea ziwani kwa boti la tanga, kwa raha zao tu.

"Watu gani?"

"Mimi na mke wangu. Kesho."

Ukuta ulikohoa.

"Lori la Joash la kwenda Mbale linaondoka kesho saa tisa alasiri. Akimrudisha mwanangu nchi kavu kabla ya hapo, abaki naye. Asipomrudisha, nabeba mtoto wangu na masufuria yake."

Boti lilikuwepo. Lilibaki kwenye klabu moja ambayo wenyewe walishakimbia, na mlinzi, Mzee Asadu, alikuwa akifugia kuku ndani yake. Tanga liliibwa wakati wa vita, kwa hiyo nilishona jingine kwa magunia ya unga wa msaada. Katikati lilisomeka: HAUUZWI. Kuliendesha nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kutunga mashairi: kwa kuwatazama wanaojua na kuwadharau.

Tuliondoka ufukwe wa Wanyange, penye klabu ile, saa nne asubuhi. Upepo ulikuwa mdogo lakini mtiifu. Mke wangu Nambozo alitumbukiza vidole majini, akacheka, akaniita nahodha. Nilivimba kuliko tanga.

Tulipofika mbali, upepo ukafa. Ukaja kidogo kutoka ufukwe wa Masese, ukajuta, ukarudi. Ukaja mwingine kutoka nyuma, wa kiasi cha pumzi ya mtoto. Saa sita ikapita tumekaa pale pale, na manyoya ya kuku yakielea kutuzunguka.

Nikasimama, nikauita:

"Upepo njoo upesi,
tanga limekosa kasi!"

Hata unywele haukutikisika.

"Magidu, bwana wangu," alisema Nambozo, "una hakika upepo unaelewa Kiswahili? Jaribu Kisoga."

Saa saba na nusu tukaona mtumbwi. Aliyepiga kasia alikuwa Odhiambo, mvuvi wa Masese. Mbele yake aliketi mtu mnene aliyetugeuzia mgongo. Nikaujua mgongo ule.

"Nahodha!" Odhiambo alipaza sauti. "Mmetia nanga bila nanga?"

"Nambozo, shuka," ulisema mgongo.

"Mayi, saa tisa bado," Nambozo alimjibu mama yake.

"Basi nitaingojea hapo hapo ulipo."

Nilitaka kupinga, lakini Odhiambo alisema samaki wake wanaoza, akashika ukingo wa boti letu. Nililivuta tanga upesi likawa kati yetu, naye mama mkwe akaingia kinyumenyume, kama mtu anayeingia choo kisicho na mlango. Odhiambo akaenda zake, akicheka njia nzima.

Boti likalalia upande wa mama mkwe. Hapo tanga, lililokuwa limenyauka tangu asubuhi, likajikunjua kwa uzito wake, likashika ule upepo mdogo. Tukaanza kwenda.

"Mayi, usiondoke hapo!" alisema Nambozo.

"Uambie mlingoti sikuja kuwa jiwe la mizani." Kisha baada ya kitambo: "Upepo unageuka. Geuka."

Mimi sikuona kitu. "Nambozo, mwambie mama yako kwamba boti lina nahodha mmoja."

Upepo ukageuka. Tanga likapita juu ya vichwa vyetu kwa kishindo, na mimi na mama mkwe tukabaki tumekaa goti kwa goti katikati ya ziwa. Alipiga yowe kwa Kimasaba, akajifunika shuka kichwani. Mimi nilijifunika uso kwa kopo la kutekea maji, ambalo lilikuwa limejaa. Usukani ukakosa mwenyewe, boti likazunguka, tukaanza kuelekea Tanzania.

Nambozo ndiye aliyeturudisha kila mtu mahali pake, akicheka mpaka kwikwi ikamshika.

"Unageuka tena," ilisema sauti nyuma ya magunia.

Mori ulinipanda. Mimi niliwahi kupigwa kofi kizuizini kwa sababu nilimjibu askari. Lakini niliyafikiria masufuria yale, nikageuza. Mama mkwe alitambaa upande huu, mimi nikatambaa upande ule, na Nambozo akalishika tanga katikati yetu kama pazia la harusi. Kumbe mama mkwe alikuwa anatazama maji yanavyokunjamana kwa mbali, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Geuka."

Nikageuza. Tukaenda hivyo kwa mikunjo, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka nikaanza kuona miti ya Wanyange jani kwa jani.

Hapo honi ya Joash ililia mara tatu. Tulisikia lori likiunguruma, likipanda, likipotea. Boti lilipogusa matope, vumbi lilikuwa bado limesimama barabarani.

"Umechelewa," Nambozo alinong'ona. Hakuwa anacheka tena.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na hoja nyingi na beti mbili.

"Wewe mlingoti," ilisema sauti nyuma ya tanga. Nikafunga kinywa. "Huyo mtu hakumrudisha mwanangu. Nimemrudisha mimi."

Niliuachia usukani.

"Lakini nimesema geuka mara kumi na moja, naye amegeuka mara kumi. Baba yake Nambozo nimemwambia miaka thelathini, hajageuka hata mara moja. Mwanangu abaki."

Nambozo alinifinya mkono mpaka ukauma. Kisha akakumbuka. "Mayi, lori lingine ni Jumatano. Na nyumba yetu ni chumba kimoja."

Tukatazamana, mimi na yeye. Kisha tukalitazama tanga. Lilikuwa pana, zito, jicho halipenyi, la kutosha kukigawa chumba kile. Nikaanza kufungua kamba zake kwa furaha.

"Wewe mlingoti!" mama mkwe alipiga kelele. "Mwambie angoje kwanza nishuke!"