Waya wa Plagi Mbili

Mtaani walimwita Injinia, ingawa alikuwa amestaafu ukarani wa masjala. Jina lilianza kama dhihaka, siku alipomtengenezea dobi pasi ikaunguza suruali tatu, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili.

Aliponunua jenereta, mkewe, mshonaji aliyechoka kukatikiwa umeme katikati ya kazi, alimwita fundi. Akaja mama mmoja wa makamo. Alikagua boksi la umeme ukutani, akaeleza kwamba lazima ifungwe swichi ya kubadilishia, ili nyumba ipokee ama umeme wa laini ama wa jenereta, kamwe si yote miwili kwa pamoja. Injinia alimsikiliza huku akichokonoa meno. Kisha akasema hiyo swichi ni ujanja wa mafundi wa kujitafutia ulaji, akamsindikiza hadi getini.

Kesho yake mchana umeme ulikatika. Injinia akatoa waya aliouunga mwenyewe, una plagi huku na huku. Mkewe alitaka kujua upande wa pili unakwenda wapi.

"Kwenye soketi," akasema. "Umeme hauna macho, mke wangu. Utaingia tu."

Akavuta kamba, jenereta likanguruma, taa zikawaka. Injinia akasimama barazani, mikono kiunoni. Kuzima swichi kuu hakukumjia hata akilini, kwa hiyo umeme wake ulitoka nyumbani ukapanda laini ya mtaa. Kwa kinyozi wa jirani feni ilianza kujizungusha kivivu, na kinyozi akalishukuru shirika la umeme. Jenereta lilikohoa kama mgonjwa wa pumu. Injinia akaliongezea mafuta.

Haukupita muda, mfanyakazi wa shirika akaingia uani, mkanda wa kupandia nguzo ungali kiunoni. Hakusalimia. Alizima jenereta, akachomoa waya, akazitazama ncha zote mbili.

Injinia alianza maelezo marefu. Mgeni akamkatiza taratibu.

"Mzee, hii laini nilishaizima. Nilipima kabla ya kushika nikakuta ina umeme, ndiyo maana naongea na wewe. Mwenzangu mwaka jana hakupima. Tulimzika."

Injinia akajibu kwamba hayo ni mambo ya bahati tu. Mkewe aliona aibu. Akamwomba mgeni koleo, akaukata ule waya vipande vipande.

Nyumba ilikatiwa umeme siku tisa. Injinia alizimaliza akiandika barua ya malalamiko ya kurasa nne. Mkewe alikwenda kumwomba radhi yule mama fundi, akarudi naye. Kazi ilikwisha asubuhi moja. Mume aliambiwa akae barazani, akakaa.

Siku hizi wageni wakija huwapeleka kuiona ile swichi, akawasimulia alivyoisimamia kazi mwanzo hadi mwisho. Huwaambia pia kwamba kuna watu wanaunganisha majenereta ovyo ovyo, hawajali roho za wenzao.