Ushuhuda wa Kabla ya Barua

Mimi sijui kungoja. Nikiambiwa subiri, miguu inaniwasha. Mwaka ule wa sabini na sita, baada ya intavyu, nilikuwa nikifagia chumba chetu cha Kawangware mara nne kwa siku, mpaka Sella akaniuliza kama nimeambiwa kuna mafuta chini ya sakafu.

Mimi na Sella Nabalayo tulisoma darasa moja, tukalala bweni moja, tukamaliza Form Four pamoja, tukaja Nairobi pamoja. Tulikaa kwa kaka yake Khamala, fundi wa kuchomelea vyuma, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Khamala hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipopata habari kwamba mkewe anakuja na watoto kutoka Kimilili, alituita akasema, "Mwezi huu ukiisha, mwenye kazi abaki mjini ajitafutie pa kulala. Asiye na kazi arudi nyumbani. Na nisinuniwe." Akaendelea kula ugali wake.

Kazi tuliyoiomba ilikuwa moja, ya msichana wa kupokea simu katika kampuni ya rangi kule Industrial Area. Tukaenda wote wawili. Viatu vyeusi vilikuwa pea moja, vya Sella. Yeye aliingia kwanza. Alipotoka akavivua kando ya ukuta, nami nikavivaa vikiwa bado na joto, yeye akabaki na patipati zangu za mpira. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza maswali yale yale aliyomuuliza Sella, kisha akasema, "Tutawaandikia."

Tutawaandikia! Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la kanisa, na ufunguo ulikuwa kwangu kwa sababu nilikuwa na miguu isiyotulia. Kila siku posta. Siku nyingine mara mbili, mpaka karani wa dirishani akawa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua sanduku.

Ng'ambo ya njia alikuwapo Mildred Adero, fundi cherehani, mama mnene mwenye kucheka. Aliniona nikipita nikirudi, nikipita nikirudi, akaniita. "Kavetsa, njoo unisaidie na hizi sare za shule. Mikono yako inateseka bure."

"Mimi na Form Four yangu nikashone vifungo?"

Akacheka tu, akakanyaga cherehani yake. Nilikuwa na mdomo wakati ule, usiniulize.

Basi Jumapili ya tatu Mchungaji Shivachi akapanda mimbarini na moto. Kanisa letu lilikuwa la mabati, upande wa Riruta, na akipiga meza kuta zote ziliitikia. "Nyinyi mnashukuru mkishapata," alisema. "Hata mpagani anajua kushukuru akiwa na sahani mkononi! Nani hapa ana imani ya kushukuru leo, kabla?"

Nikajikuta nimesimama. Wiki tatu za kukaa zilikuwa zimenishinda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nasimama kumshukuru Mungu. Amenipa kazi ya simu kule Industrial Area."

Nilikuwa nimepanga kusema, naamini atanipa. Siwezi kukudanganya kwamba ulimi uliteleza. Nilijua "atanipa" ingeniletea amina za kunihurumia, na nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. "Amenipa" ililipua vigelegele. Akina mama walinizunguka wakiimba, mmoja akanifunga leso yake kiunoni, na Mchungaji akasema mnaona, mnaona? Lo, ilikuwa tamu. Nakiri ilikuwa tamu sana.

Sella ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbatia. Alinishika kwa nguvu, na nilipomtazama macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Afadhali wewe kuliko mtu nisiyemjua," akasema. "Barua ilikuja lini?"

"Ijumaa."

Uongo wa pili haukuhitaji hata kusukumwa. Njiani kurudi nyumbani nilifungua mdomo mara tatu nimwambie, na mara tatu nikaongea juu ya tope. Nikajituliza kwamba hiyo ndiyo imani yenyewe, barua iko njiani, ikifika kila kitu kitakuwa kweli. Jioni Khamala alipoambiwa aliitikia kwa kichwa akasema vizuri, kisha akamwambia dada yake, "Basi wewe ni treni ya Jumamosi."

Wiki hiyo sikulala wala kula. Nilimtazama Sella akifua nguo zake moja moja, akizikunja, akiimba polepole, na kila nguo iliyoingia kwenye begi niliihesabu. Mwambie, nilijiambia. Halafu nikakimbia posta.

Ijumaa sanduku likawa na barua. Bahasha ndefu, yenye jina la kampuni pembeni. Nikaivuta nje. Nikaigeuza.

Miss Sella Nabalayo.

Niliichana pale pale mlangoni mwa posta. Kazi ilikuwa yake. Aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, na asipofika, nafasi atapewa mwingine.

Nitakwambia nilichofikiri, na unihukumu upendavyo. Zamani hizo sisi wanawake hatukuwa na kitambulisho. Kipande kilikuwa cha wanaume. Wasichana waliopita mbele ya yule mama wa miwani siku ile walikuwa zaidi ya ishirini. Nani angekumbuka sura? Ningevaa viatu, ningebeba barua, ningeitika nikiitwa Sella, na ushuhuda wangu ungekuwa kweli. Nilifika hata mahali pa kusema kwamba labda ni Mungu mwenyewe anayemrudisha Sella nyumbani ili anitimizie neno. Naam, nilimsingizia Mungu. Nikaitia barua ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi, nikarudi nyumbani nikamsaidia mwenzangu kufunga begi.

Jumamosi mchana Sella aliondoka kwenda stesheni mjini. Treni ilikuwa ya saa tisa. Nilimwambia siwezi kumsindikiza, kichwa kinaniuma. Akanipa mkono, kisha akarudi mlangoni.

"Nimechukua patipati zako," akasema. "Viatu viko chini ya kitanda. Utavihitaji Jumatatu."

Alipokwisha kwenda nilichukua ufagio. Nikafagia mpaka chini ya kitanda, ufagio ukagonga viatu, nikavitoa. Alikuwa amevipiga rangi vikang'aa. Kisigino cha kushoto, kilichokuwa kimelegea, alikuwa amekwenda kukipigisha misumari mipya. Kwa ajili yangu! Nilikaa chini, nikalia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikaangalia saa ya Khamala iliyoning'inia ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Mjini nisingefika. Lakini treni ya kwenda kwetu hupita Kibera, na pale husimama kidogo kabla ya kuendelea na mlima. Nikachomoa barua kwenye Zaburi, nikashika viatu mkononi, nikatoka mbio pekupeku.

Nilivuka Ngong Road bila kutazama, dereva akanitukana mimi na mamangu. Kokoto zilinichana. Watu walinipisha wakidhani nimeiba viatu. Nilipofika juu ya reli pale Kibera, treni ilikuwa imesimama, na watu walikuwa wakipitisha mizigo madirishani. Nikakimbia kando ya mabehewa ya daraja la tatu nikipiga kelele, "Sella! Sella Nabalayo!"

Kichwa chake kikatokea dirisha la tatu kutoka mwisho. "Kavetsa? Kuna nini? Khamala?"

Nikampa bahasha. Akaangalia jina lake, akaangalia mahali ilipochanwa, akasoma. Nilimwona akirudia kusoma.

"Nani ameifungua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

"Na yako?"

"Haijawahi kuja. Sina kazi, Sella. Sijawahi kuwa nayo."

Treni ikapiga honi. Begi likanitua kifuani kutoka dirishani, nikapepesuka. Sella akateremka mlangoni wakati magurudumu yameanza kusogea, mzee mmoja akimshika mkono na kumlaumu. Akaja moja kwa moja, akanizaba kofi ambalo mlio wake nausikia mpaka leo. Vijana waliokuwa wamekaa kando ya reli wakashangilia, wakidhani tumegombania mwanamume.

Kisha akakaa juu ya begi, akavua patipati, akanirushia, akavaa viatu vyake. Alichukua muda mrefu kufunga kamba. Treni ikapita yote, akaniinulia macho.

"Kesho utasimama," akasema.

"Nitasimama."

"Na usimtaje Mungu. Sema ni wewe."

Jumapili nilisimama. Mchungaji alitabasamu, akina mama wakatayarisha vigelegele. Nikasema, "Ile kazi niliyoishukuru hapa sikuwa nimepewa. Nilisema uongo. Barua ilipokuja ilikuwa ya Sella, nikaificha, nikamwacha apande treni. Ni mimi. Hakuna aliyenituma."

Unajua kanisa la mabati likinyamaza linavyokuwa? Mabati yalikuwa yakilialia kwa jua. Yule mama wa leso alikuwa akiangalia mapaja yake. Mchungaji Shivachi alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akafungua tena. Miguu yangu ilitaka mlango. Iliwasha kuliko siku zote. Nikailazimisha isimame pale pale.

"Amina," mtu akasema.

Ilikuwa moja tu, ya kukwaruza, kutoka benchi la nyuma. Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kila asubuhi tangu tukiwa wasichana wa bweni.

Jumatatu Sella alitoka saa kumi na mbili na nusu na viatu vyake. Hakuniaga, na sikumlaumu. Ilichukua mwezi mzima kabla hajanitania tena. Khamala alisema neno moja, kwamba mkewe anafika Alhamisi. Nikavaa patipati zangu, nikavuka njia, nikasimama mbele ya cherehani. Mildred alikuwa kanisani jana yake kama wengine wote. Nilingoja anicheke.

"Mama," nikasema, "vile vifungo bado vipo?"

Akanisogezea kopo lililojaa, na sare za shule chungu nzima, na kwa mguu akavuta kigoda kutoka chini ya meza.

"Vipo," akasema. "Lakini kazi hii ni ya kukaa."

Nikakaa.