Sindano Nne na Shimo la Ndizi

Ndizi za kukamua maji hatuziachi ziive zenyewe. Tunachimba shimo la kufika kiunoni, tunatandika majani makavu ya mgomba, tunapanga ndizi, tunafunika kwa majani mabichi na udongo. Pembeni tunaacha kitundu, tunawasha moto pale, na mtu anapiga magoti kupuliza moshi uingie. Siku ya nne zote ni za manjano, tamu sana. Lakini uzikamue upesi, maana ndizi ya shimo haidumu. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu kule kwetu Mwenga, kabla hatujakimbia vita, na hapa Nakivale, kambini kwa wakimbizi, ndiyo inatulisha.

Kila mtu wa nyumba yangu amepuliza huo moto, isipokuwa mjukuu wangu Grâce. Huyo nilimkataza miaka kumi.

Mwaka 2004 binti yangu Marthe alikuwa na mimba ya miezi saba. Jumatatu asubuhi, akiwa anaosha sahani, uchungu ukamshika. Gari la wagonjwa likatupeleka Mbarara. Mpaka tunapita Masha, katikati ya njia, nilikuwa nimemshika magoti kwa mikono miwili, kama vile mikono yangu ingeweza kumzuia mtoto.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi kijana, Annah, binti wa askari. Alikulia katika kambi ya jeshi na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mama, hii mtoto inataka kutoka na mapafu yake bado," aliniambia. "Ikitoka leo, kupumua itaishinda. Sisi tunajaribu kuizuia siku mbili. Tunapiga huyu sindano ine, moja kila masaa kumi na mbili. Dawa inapita kwa mama, inafika kwa mtoto, mapafu inakomaa haraka."

Marthe alikuwa anauma kitenge, hawezi kusema. Alinitazama tu.

"Mupige," nikasema mimi.

Nilizihesabu zote nne. Jumatano saa nne ya asubuhi Grâce akazaliwa: kilo moja na gramu mia tatu. Masikio yake yalikuwa laini, ukiyakunja yanabaki yamekunjika. Ngozi yake ilionyesha mishipa yote. Kifua kikaingia ndani, kikatoka, kikaingia. Halafu akalia, sauti ya kifaranga ndani ya boksi.

"Unasikia?" Annah akacheka. "Hiyo ni mapafu!"

Siku thelathini na nane tulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, Marthe na mimi kwa zamu. Pumzi yake niliisikia hapa, chini ya shingo. Ikisimama kidogo, na mimi nilisimamisha yangu mpaka irudi.

Tuliporudi Nakivale nilienda kufukua ndizi nilizokuwa nimefukia kabla ya safari. Zilikuwa uji mweusi, na nzi wengi. Nikakaa pembeni ya shimo, mtoto kifuani, na wazo likaniingia kama baridi: mapafu haya nayo yameivishwa kwa haraka. Yataoza lini? Na nani alisema "mupige"? Si mwingine. Ni mimi.

Basi nikaanza kuyatunza. Grâce asikimbie. Asipandishe bidoni, lile dumu la maji, kutoka bombani. Asipulize moto. Asiimbe katika korali. Shuleni wenzake walimwita Koko Mudogo, kwa sababu alitembea polepole kama bibi yake.

"Mama, utamufunga huyu mutoto mpaka wakati gani?" Marthe alikuwa ananiuliza. "Yeye si yai."

"Yai ukilivunja unalisikia," nilimjibu. "Kuoza hakuna kelele."

Mwaka 2014 ikafika barua kutoka Mbarara. Watoto waliozaliwa kabla ya miezi, ambao mama zao walipigwa zile sindano, wanaitwa wakitimiza miaka kumi ili wapimwe. Marthe alifurahi. Mimi niliisoma mara tatu. Nilijua wanatuita kutuambia kwamba nguvu ya ile dawa imekwisha.

Tukamkuta Annah mwenyewe, sasa ana miwani na mvi mbili tatu. Akampima Grâce urefu, uzito, mpigo wa damu mkononi. Akamwonyesha picha, akazifunika, akamwambia azitaje. Alizitaja zote, hata kuku aliyekuwa kwenye kona. Kisha akambana pua kwa kibanio, akampa mrija uliounganishwa na kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya mishumaa kumi inayowaka.

"Vuta hewa yote. Halafu puliza mpaka mishumaa inazima!"

Nikasimama. "Hapana, sista! Utayamaliza!"

"Nitamaliza nini, mama?"

Nikamweleza yote: shimo, moshi, uji mweusi, "mupige" yangu. Marthe alifunika uso kwa aibu. Annah hakucheka. Alivua miwani.

"Hiyo ndizi, kwanza unakata kwa mgomba?"

"Ninakata. Nitaifukiaje ikiwa bado juu?"

"Basi, huyu sisi hatukukata. Dawa ilimukuta bado kwa mama yake, bado anakula kwake. Na akatoka, mapafu ikaendelea kukua na yeye. Mapafu ya siku ile ilikuwa kidogo sana. Ya leo amekua nayo mwenyewe."

"Kwa hiyo dawa haina ubaya wowote?"

"Hiyo ndiyo tunatafuta. Ya miaka kumi tunaangalia leo. Ya miaka arubaini mimi sijui, mama. Ndiyo maana tutamuita tena."

Kwa neno hilo, sijui, nilimwamini. Nikamgeukia Grâce. Pua imebanwa, mrija mkononi, na hakuwa anamtazama Annah. Alikuwa ananingoja mimi.

"Puliza," nikasema.

Mishumaa ikazima, mmoja, mitatu, saba, yote. Na bado akapuliza! Mstari kwenye kompyuta ukaendelea kutembea, Annah akaanza kupiga makofi: "Inatosha! Inatosha!"

Grâce akatoa mrija. "Koko, naweza tena?"

"Hii nguvu uliipata fasi gani?" Marthe akauliza.

"Nyuma ya kanisa. Korali ikiimba, na mimi naimba, lakini nafunga mdomo." Akaniangalia kwa wasiwasi. "Ya kufunga mdomo haimalizi mapafu, si ndiyo, Koko?"

Tulicheka mpaka mtu akachungulia mlangoni. Kisha mimi nikamtazama Grâce kifuani. Maji kidogo ya dawa, hayajai kijiko, yaliingia katika paja la binti yangu, yakatafuta njia ndani ya mwili ambayo hakuna aliyeiona, yakafika kwa kifua cha kushikwa kwa vidole viwili. Na leo kifua kile kinapuliza mbele yangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, sina neno la kukiita kitu hicho.

Jumamosi iliyofuata tulifukia ndizi. Nikawasha moto kwenye kitundu na kumkabidhi Grâce bua la jani la mpapai, la kupulizia. Akapiga magoti.

"Polepole," nikasema kwa mazoea. Halafu nikasema, "Hapana. Kwa nguvu."

Moshi ukaingia wote. Baada ya muda ukatokea upande wa pili wa shimo, ukipasua udongo, fasi ambayo nikipuliza mimi haujawahi kufika. Nikasikia kifua kinaniuma: nilikuwa nimezuia pumzi yangu kama zamani. Nikaiachia. Grâce alikuwa bado anapuliza.