Mguu wa Mtoto wa Psaltis

Watu wa serikali walisema miezi sita tu. Picha ingepelekwa Athene kusafishwa, irudi kanisani kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja ikapita, na nyingine, na nyingine, na Marouso akafa akiulizia picha.

Mumewe, Thrasos, hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mwashi aliyeacha shule akiwa darasa la nne, na kwake kazi ya mikono ilikuwa ukuta usioanguka. Lakini picha hiyo moja aliijua kama mlango wa nyumba yake. Aliichora Ieronimos Psaltis, mtu wa hapohapo kijijini, aliyekwenda kusomea uchoraji Ujerumani zamani za wafalme, akarudi mzee na kulizawadia kanisa kazi yake ya mwisho: mama ameketi kwenye kiti cha kamba, mtoto amelala mapajani mwake, mguu mmoja unaning'inia. Psaltis hakusema ni mtakatifu gani, na wanakijiji hawakumwuliza. Waliitundika karibu na taa, wakaamua ni Bikira Maria, wakaanza kuibusu. Uso wa mama ulikuwa juu, midomo haifiki, basi wakabusu mguu wa mtoto, kizazi kwa kizazi, mpaka rangi ikaisha na kubaki kitambaa kitupu kinachong'aa. Wazee walitaniana wakitoka ibadani: "Yule mtoto hana mguu. Tumeula sisi."

Marouso aliubusu kila Jumamosi alipokwenda kujaza taa mafuta. Alianza mwaka ule binti yao alipokufa kabla ya kubatizwa, na padri wa wakati huo akakataa azikwe ndani ya ua wa kanisa. Walimfukia nje ya ukuta, na baadaye halmashauri ikapitisha barabara juu yake. Mwanamke akabaki hana kaburi la kuinamia. Akawa na mguu ule.

Kitandani, siku za mwisho, alimshika Thrasos mkono. "Ikirudi, nenda unibusie. Palepale, mahali petu."

Thrasos akaahidi. Alipokwenda ofisi ya mambo ya kale kuuliza, bwana mmoja mwenye tai alimweleza kwa upole kwamba picha ile si ya kijiji tena, ni hazina ya taifa. Thrasos akamwuliza kama taifa ndilo lililokuwa likijaza mafuta. Bwana akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Hatimaye ikaonyeshwa, si kanisani bali kwenye jumba jipya la makumbusho kule bandarini. Meya alituma basi, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Thrasos akavaa suti aliyomzikia mkewe. Mlangoni alimkuta Evanthia, mjukuu wa dada yake Marouso, amevishwa sare ya ulinzi.

"Babu Thrasos, nakuomba, usiguse kitu," akamnong'oneza. "Watanifukuza kazi."

Mkurugenzi alihutubia kwa muda mrefu. Alisifu mwanga wa Psaltis na mikono ya Psaltis, kisha akaonyesha, kwa masikitiko, jinsi moshi na midomo ya watu wasiojua vilivyoiharibu kazi hiyo. Sasa, shukrani kwa wataalamu, mguu umechorwa upya. Watu wakapiga makofi. Waliotoka kijijini nao wakapiga.

Wageni walipokimbilia divai, Thrasos akasogea. Lilikuwepo kweli hilo guu jipya, lenye vidole vitano na kucha zenye nuru, nyuma ya kioo. Akainua macho. Masizi yalikuwa yametoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kile alichokichora Psaltis. Mama hakuwa na utulivu wa Bikira. Macho yalikuwa mekundu, yamechoka kulia, yanatazama ukutani. Midomo ya mtoto ilikuwa ya samawati. Hakuwa amelala yule. Thrasos alisimama pale, akikiri moyoni kwamba mzee Psaltis alikuwa fundi, fundi kwelikweli, na alijua. Alikuwa amewachorea msiba wao kabla hawajazaliwa, ukutani mwao wenyewe, na Marouso alikuwa akiinamia msiba huo kila Jumamosi bila kuuona. Angeuona, asingejiona peke yake.

Wangeweza kuusafisha uso na kuuacha mguu. Hakuna aliyewauliza wenyewe.

Akavua kofia, akainama, akabusu kioo mbele ya ule mguu wa watu wa Athene. Kilikuwa baridi, na kilinuka sabuni.

Mkurugenzi aliona toka mbali. Alimwita Evanthia kwa kidole, bila kukatiza mazungumzo yake. Msichana akaja na kitambaa na chupa ya dawa, uso umemwiva kwa aibu, akasimama asijue aanzie wapi, kwa kuwa babu yake alikuwa bado hajaondoka.

"Futa, mwanangu," Thrasos akasema, akivaa kofia. "Ndiyo kazi waliyokupa."

Akafuta.